Mji wa Mkebeni na Deni la Jembe

Siku ile tulikuwepo sisi watoto wanne: mimi Kemunto, kifungua mimba, Ombati aliyenifuata, Moraa, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka, na Kwamboka, kitinda mimba, niliyembeba mgongoni kwa leso ya mama. Alikuwepo baba mdogo Nyamweya, ndugu wa marehemu baba yetu, amevaa viatu vyake vya kung'aa. Walikuwepo wanawake wa egesangio, kile kikundi cha kulimiana kwa zamu, wakiongozwa na Mama Ong'era, na nyuma yake Bosibori ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika. Mwisho kabisa akaja mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Mama Kirit, mke wa mwenye duka la Kihindi pale Mosocho, ameukumbatia mkebe wa biskuti kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga. Nawataja wote kwa sababu tunaoweza kusema "nilikuwepo" tunazidi kupungua.

Lakini ngojeni kwanza niwarudishe nyuma kidogo, nyinyi wa rika langu, maana siku ile haieleweki bila siku zilizoitangulia.

Mnaikumbuka milima yetu ilivyokuwa? Mvua ilinyesha kila alasiri kama iliyoajiriwa. Tulitafuta mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, tukaukokota hadi juu ya mteremko, tukaupanda wanne wanne kama farasi, wa mbele akishika ncha ya jani kama usukani, na chini tukashuka mbio hadi karibu na mto. Breki ilikuwa makalio. Ukirudi nyumbani na doa la utomvu wa mgomba kwenye sketi, lile doa lisilojua sabuni, mama hakukuuliza ulikuwa wapi. Alisema tu, "Mgomba umekwisha kusema," kisha akaanza kutafuta fimbo. Leo mpwa wangu akikanyaga tope kidogo anajipiga picha na kuituma kwa marafiki, utadhani amenusurika ajali.

Shuleni tulikwenda peku, umande ukituosha miguu bila malipo. Siku ya Ijumaa kila msichana alibeba kinyesi cha ng'ombe kwenye jani la mgomba, tukaikandika sakafu ya darasa hadi ikanukia kama nyumbani. Maziwa ya shule yalipoletwa katika zile pakiti za pembe tatu, tulitoboa kona kwa meno, tukanywa nusu, na nusu tukaibeba kwapani hadi nyumbani kwa ajili ya wadogo. Yalifika yamechangamka yenyewe, yana povu, na wadogo walishangilia hivyo hivyo.

Na chakula! Sima ya wimbi, ile tunayoiita obokima, nyeusi na nzito, ukiimega inabaki na alama ya vidole vyako. Mboga ya chinsaga iliyolala chunguni usiku kucha pamoja na maziwa hadi uchungu wake ukageuka kuwa utamu wa kikubwa. Watoto wa siku hizi wakiionja wanakunja uso na kuuliza kama kuna soseji. Siwalaumu. Ulimi nao husomeshwa, na ulimi wao umesomea shule nyingine.

Mama alikuwa mchuuzi wa ndizi. Siku ya soko alishuka Mosocho na mkungu kichwani, nami nikimfuata na mkungu mdogo, na vikapu vyetu tuliviweka barazani kwa Mama Kirit. Hatukulipishwa kitu. Wanawake wale wawili walipendana kwa namna ambayo mimi mtoto sikuielewa, kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake. Walikutana kwenye Kiswahili. Kiswahili cha mama kilichechemea mguu wa kushoto, cha Mama Kirit kilichechemea wa kulia, lakini wakitembea pamoja walifika.

Baba alitangulia kufa. Mama akafuata baada ya kuugua msimu mzima wa mvua. Sitasema mengi hapo. Waliozika wazazi wakiwa wadogo wanajua, na ambao hawajazika, Mungu awaepushie.

Sasa ndiyo siku ile. Msimu wa kulima ulikuwa umefika, na shamba la mama lilikuwa limesimama na magugu yake kama mtu asiyenyolewa. Baba mdogo Nyamweya alikuja asubuhi, akakaa kwenye kigoda, akatuita sote tukasimama mbele yake.

"Mmegawanywa," alisema. "Ombati atakuja kwangu. Moraa atakwenda kwa shangazi yake kule Sironga. Huyu mdogo atachukuliwa na mama yenu mkubwa wa Masimba. Kemunto ni mtu mzima sasa, ametafutiwa kazi ya nyumbani Nakuru."

Hakuwa mtu mbaya. Nyumbani kwake watoto walikuwa tayari wanalala miguu ya huyu kichwani mwa yule. Alichoona ni vinywa vinne, naye akavigawa pale alipofikiri pana chakula. Lakini Moraa alishika pindo la gauni langu akalizungusha kwenye ngumi yake, akalikaza, na Ombati akatazama mto kule chini kama mtu anayepima kama unavukika. Mtoto wa enzi zetu hakujibizana na mkubwa. Huo ujuvi wa kujibu tumewaachia hawa wa leo.

Ndipo tukasikia nyayo nyingi. Wanawake wa egesangio walikuwa wanaingia kwa njia ya migombani, majembe begani, leso zimefungwa viunoni. Hakuna aliyewaita. Mama Ong'era hakupitia hata nyumbani kusalimia. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya shamba, mahali pa kuanzia.

Baba mdogo alisimama. "Mama Ong'era, mmepotea njia? Mwenye shamba amefariki."

"Tunajua. Tulimzika pamoja nawe. Leo ni zamu ya nyumba hii."

"Zamu gani? Marehemu alikuwa mgonjwa msimu mzima. Hakumlimia mtu. Hamumdai, naye hawadai ninyi."

"Umesema kweli," Mama Ong'era alijibu akitemea mate viganjani. "Hatudaiwi hapa hata mche mmoja. Kwa hiyo tukilima leo, nyumba hii ndiyo itadaiwa na sisi sote. Sasa Nyamweya, nani atatulipa? Utatulipa wewe? Kesho tuko kwa Bosibori kule bondeni kwenye tope. Njoo na hivyo viatu."

"Nitamwazima leso afunge kiunoni," Bosibori alidakia. "Ninayo moja yenye maua, itamkaa!"

Wanawake walicheka hadi ng'ombe wa jirani akainua kichwa. Baba mdogo aliangalia viatu vyake. "Basi msilime," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kupungua.

"Aka! Tumekwisha kuanza," Mama Ong'era alisema. Na kweli, nyuma yake majembe yalikuwa yameshuka.

Ninyi mlio mbali na kwetu mtauliza ujanja ulikuwa wapi. Ulikuwa hapa. Katika egesangio yetu, mwenye deni la jembe haondolewi bomani hadi amalize mzunguko. Huwezi kumwoza, huwezi kumpeleka kazini mbali, huwezi kumhamishia kwa ndugu, kwa sababu kikundi kizima kitakufuata kudai siku zake. Wanawake wale hawakuja kutusaidia kulima tu. Walikuja kutuingiza katika deni makusudi, ili asiwepo mtu wa kututoa pale. Kamba waliyotufunga nayo ilikuwa kamba ya jembe, na iliwafunga wadogo zangu pamoja nami, kwa maana mimi nikibaki, wao wanabaki na nani mwingine?

Mama Ong'era alinigeukia. Aliniuliza kama anayeuliza mtu mzima. "Kemunto, utaweza kusimama kwenye nafasi ya mama yako?"

"Nitaweza."

"Sema tena, baba yako mdogo hajasikia."

"Nitaweza!"

Ndivyo nilivyoacha shule, nikiwa darasa la saba, bila barua wala kengele. Sitawadanganya kwamba sikulia. Nililia, lakini nililia nikiwa nalima, na machozi ya shambani hayana wa kuyahesabu.

Jua lilipopanda ndipo Mama Kirit alipotokea, sari yake ya kijani imeshika mbegu za magugu pindo zima, anahema, mkebe kifuani. Sijui aliulizia njia kwa nani. Kwa kawaida hakuvuka barabara kubwa.

"Mimi naleta biskuti kwa toto ya rafiki yangu," alisema. Kisha akaona shamba limejaa migongo. "Hii kazi ya nani?"

"Ya sisi wote," Mama Ong'era alimjibu kwa Kiswahili.

"Basi leta jembe."

Bosibori aliketi chini kabisa kwa kicheko. Lakini Mama Ong'era hakucheka. "Mama Kirit, sikia. Hapa hakuna jembe ya bure. Ukishika hiyo, wewe unadai hii nyumba siku moja. Na wewe hauna shamba. Hawa watoto watalipa wapi? Kwa kaunta?"

"Mimi nadai!" alisema Mama Kirit, akinipa mkebe niushike. "Shamba nitatafuta baadaye."

Alivua ndala, akakunja sari hadi magotini, akaanza kulima. Jamani! Kwetu shamba ni mteremko. Mtu huanzia chini akipanda, uso ukitazama mlima, ili udongo uliolimwa ubaki nyuma yake umelala vizuri. Yeye alianzia juu akishuka, akikanyaga kila alicholima. "Mama, unatandika kitanda huku unakilalia!" Bosibori alimpigia kelele. Hakusikia, au alisikia akapuuza. Mstari wake ulianza sawa, ukapinda kushoto kwenye jiwe, ukapinda kulia kwenye kisiki, ukafika chini umekuwa nyoka. Viganja vilitoka malengelenge. Lakini alifika chini.

Nilipogeuka, baba mdogo Nyamweya alikuwa amevua viatu, ameviweka vizuri juu ya kigoda, na alikuwa anakwenda na panga kukata nguzo za kutengeneza ua wetu ulioanguka. Hakusema neno jingine kuhusu Sironga wala Masimba wala Nakuru. Kuanzia siku ile hadi alipofariki, ua wetu ulikuwa kazi yake.

Sasa huo mkebe. Biskuti ziliisha jioni ile ile, lakini mkebe ndio ulioishi. Juu ya kifuniko kilichorwa mji mdogo wa Uingereza, mji wa kale wa soko kando ya mto. Daraja la mawe lenye matao lilivuka maji yaliyotulia, bata wakipita chini yake. Nyumba zilibanana ukingoni, paa zimechongoka, madirisha yana maua. Kanisa lilikuwa na saa mnarani. Katikati ulikuwa uwanja wa soko wenye vibanda vya turubai za milia, wanawake wenye vikapu, na mtu mmoja mnene aliyekuwa anauza kitu tusichoweza kukitambua. Ombati alisema ni mihogo. Hakuna aliyembishia.

Tuliuita Mji wa Mkebeni. Kila tulipomaliza kazi tulishuka mtoni, mahali pale penye udongo wa mfinyanzi chini ya soko letu, na tukaujenga. Paa tulitengeneza kwa maganda ya migomba, turubai kwa karatasi za peremende, saa ya kanisa kwa kifuniko cha soda. Ombati alikuwa fundi wa daraja. Lilianguka siku baada ya siku, hadi alipogundua kuegemeza mawe mawili yakasukumana bila kushikwa; akakimbia kuzunguka mji akipiga kelele kama aliyeona malaika. Moraa alikuwa mfanyabiashara. Alipanga vijiwe mafungu mafungu akaimba, "Viazi ni hapa! Na nyongeza iko!" Kwamboka alipojifunza kutembea, alikuwa mafuriko. Alipita katikati ya mji akicheka, kanisa likaenda, nasi tukaanza upya.

Kila mmoja wetu alikuwa na nyumba yake katika mji ule, na nyumba zote nne zilitazama uwanja mmoja. Hiyo ilikuwa sheria yangu mimi. Ukitaka kujenga pembeni, hapana. Mlango wako uone mlango wa mwenzako.

Watoto wa leo nao wanajenga miji, nimeona, ndani ya simu. Ni mizuri kuliko wetu, ina taa na magari. Nilimuuliza mtoto wa Kwamboka, "Na huyu jirani yako hapa anaitwa nani?" Akanijibu, "Auntie, hiyo game haina majirani, ni mimi tu." Nikamwambia huo si mji, ni gereza lenye taa. Alicheka, lakini niliona ameinamisha kichwa akifikiri.

Miaka ile ilikuwa ya jembe. Nililima kwa Mama Ong'era, kwa Bosibori bondeni kwenye tope, kwa wote. Nao walikuja kwetu tena zamu ilipofika, kwa hiyo deni lilizunguka, na tukaendelea kubaki. Siku za mwanzo waliniweka katikati ya mstari, mkubwa mmoja kila upande, wakalima polepole wakisingizia kiuno ili nisiachwe nyuma. Wakati wa mapumziko walikula viazi vitamu na kunisema. "Mwangalie, analima kama mama yake, ulimi nje." Sifa ya kwetu huja imevaa kejeli, ukisifiwa wazi wazi, ujue utaombwa kitu. Ombati alimaliza shule akawa fundi mwashi. Moraa alikwenda chuo cha uuguzi, na siku alipoondoka wanawake walimsindikiza hadi barabarani na majembe begani kama askari.

Baada ya wadogo wote kujiweza, Mama Ong'era alinisimamisha mwisho wa siku ya kazi shambani kwake, akapangusa udongo mikononi. "Nyumba yenu haina deni tena," alisema mbele ya wote. "Sasa mnaweza kwenda popote mnapotaka."

"Bado lipo moja," nilimwambia.

"La nani?"

"Mama Kirit."

Mama Ong'era alitikisa kichwa. "Hilo," alisema, "sisi hatuwezi kulifuta. Si la kikundi. Ni lako."

Maana kila siku ya soko, nikiweka vikapu vyangu pale barazani alipoweka mama, nilimuuliza, "Mama Kirit, nikulimie wapi?" Naye alijibu, "Ngoja." Niliwahi kuchukua ufagio nikafagia baraza yake hadi ikang'aa, nikadhani nimemaliza mchezo. Alitoka, akaiangalia, akasema, "Nzuri sana. Lakini hii si jembe." Mume wake alipofariki, mwanawe Kirit alikuja kumchukua akaishi naye Uingereza. Duka likabaki kwa mpwa wao. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono dirishani mwa gari. "Mimi naenda," alisema. "Deni inabaki. Usisahau." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi vilevile, watu wa sokoni wakatuangalia wasijue ni msiba au harusi.

Mkebe wake ninao. Ndani naweka mbegu za chinsaga na maharagwe. Mji umefutika sana kwa kushikwashikwa. Limebaki daraja, nusu ya saa, na yule mtu mnene wa mihogo. Na shambani, kila msimu, nikifika kwenye mstari uliopinda sinyooshi. Nalima kwa kuufuata, kushoto kwenye jiwe, kulia pale palipokuwa na kisiki, na napanda maharagwe humo humo. Majirani wapya hudhani nililima nimelewa.

Moraa sasa yuko Uingereza, anauguza wazee. Alipoondoka sikumwagiza viatu wala simu. Nilimwagiza mtu mmoja. Mpwa wa dukani alitupa nambari ya Kirit, na Moraa akapiga. Kumbe mama yule anaishi katika mji mdogo kando ya mto, mbali kidogo na anakofanya kazi Moraa, mji wa kale wenye siku yake ya soko. Mdogo wangu alipanda treni siku yake ya mapumziko, na alipofika akanipigia simu ya video, akatembea huku ameielekeza mbele ili nione.

Nilikuwa nimeketi mlangoni, mkebe mapajani. Ombati alikuwepo, na Kwamboka na watoto wake, wote wamenibana kutafuta nafasi. Tuliona daraja la mawe lenye matao. Tuliona mto umetulia, na bata. Kanisa lilikuwa na saa, nayo ilikuwa imesimama. "Si ule wa mkebeni," Moraa alisema, pumzi yake ikitoka kama moshi kwa baridi, "lakini ni ndugu yake, tumbo moja." Ombati alimwamuru ashuke chini ya daraja amwonyeshe mawe ya tao. Aliyaangalia, kisha akasema polepole, "Yanasukumana. Kama langu."

Sokoni turubai zilikuwa za milia. Mzee mmoja mnene aliuza viazi vyenye udongo bado, na matufaha. Moraa alinunua matufaha, na mfuko ulipofungwa akamwonyesha mzee kidole kimoja, kwa tabasamu lake lile la mtoni. Mzee hakuelewa. Moraa akamweleza kwamba kwetu mnunuzi mwema huongezewa. Mzee alicheka, akatupia tunda moja zaidi, akasema jambo ambalo Moraa alitutafsiria: hata mama yake, aliyeuza hapo hapo, alifanya hivyo zamani, lakini siku hizi vijana wananunua kwenye maduka makubwa na mashine haina nyongeza. Kwamboka alisema, "Kumbe hata huko wanalia!" Na mimi nilijisikia vizuri, kama mtu aliyegundua kwamba jirani naye paa lake linavuja.

Kisha Moraa akabisha nyumbani kwa Kirit, mlango ukafunguliwa, na huyo hapo. Amekuwa mdogo, ameinama kama mundu, nywele nyeupe zote, sweta mbili juu ya sari. Aliisogeza simu hadi tukaona jicho moja tu.

"Kemunto! Mbuya mono?" alinisalimu kwa Kigusii, salamu pekee aliyowahi kuijua.

"Mbuya mono, Mama Kirit."

"Mustari yangu iko?"

Nilitoka na simu hadi shambani, wote wakinifuata, nikamwonyesha. Maharagwe yalikuwa yamechanua, mstari mzima unapinda kama nyoka aliyevaa maua. Mama Kirit aliutazama wote. Kisha akasema, "Mbaya sana," na akacheka hadi akakohoa.

Nyuma ya nyumba yao ana bustani ndogo inayofika karibu na mto. Moraa aliona uma wa kulimia umeegemezwa ukutani, akauchukua. Mama Kirit akamzuia kwa fimbo yake ya kutembelea.

"Weka chini! Wewe ulikuwa nakula biskuti. Mimi nadai dada yako."

"Lakini Mama, mimi na dada ni nyumba moja," Moraa alimsihi. "Na dada yuko mbali."

"Mbali ndiyo nzuri. Deni ikiisha, nani atanitafuta?" Akaigeukia simu. "Kemunto, sasa mimi iko na shamba. Nilisema nitatafuta baadaye, sikusema? Saa hii udongo ni jiwe, ni baridi. Ikitoka maua ya manjano kando ya mto, hapo inalimika. Wewe kuja."

Nilimwambia nitakuja. Nilisema kama nilivyomwambia Mama Ong'era, kwa sauti ya kusikika. Ombati na Kwamboka wamekwisha kuanza kushughulikia pasipoti yangu. Mtoto wa Kwamboka anauliza kama ndege hukubali jembe. Juzi nilimkuta yeye na wenzake wanne wa shule katika shamba la mjane wa jirani, wanalima, wakijipiga picha kila baada ya hatua chache, majembe yakienda pande zote za dunia. "Nani amewatuma?" nikamuuliza. "Hakuna, Auntie. Tumeanza ka-egesangio ketu. Kesho ni kwa akina Brian." Walikuwa wameanzia juu wakishuka. Nilifungua mdomo niwakosoe, nikaufunga.

Enzi zetu tulikuwa na wakati mwingi na vitu vichache. Hawa wana vitu vingi na wakati umewakimbia. Mto wetu umepungua maji, udongo wa mfinyanzi umefunikwa na plastiki, na baraza ya Mama Kirit sasa inauza vioo vya simu. Mama Ong'era na Bosibori wamelala kwenye udongo walioulima. Lakini milango yetu minne bado inaonana, hata kama mmoja unaonekana kupitia kioo.

Asubuhi hii nimefungua mkebe nikatoa maharagwe ya ule mstari, konzi moja, nikayafunga kwenye kitambaa cha leso ya mama. Moraa amesema baridi imeanza kulegea. Mpini wangu wa jembe nimeuacha nyuma ya mlango. Huko nitatumia uma wao, nitaanzia chini nikipanda, nikimtazama yeye akiwa juu dirishani. Nitalima taratibu, kutwa nzima, nisiruke hata kona moja. Na nikishaona jua linaelekea kuzama, nadhani nitaacha kipande kidogo hivi, chini ya dirisha lake, sijakigusa.

Ili aendelee kunidai.